Hasara ya Umeme ni ya Nani?

Watu wengi hudhani kwamba ubaya wa umeme usio na uhakika ni giza. Sivyo. Giza babu zetu walilizoea, nao walikuwa na dawa zake: moto, mbalamwezi, kibatari, na kulala mapema. Ubaya mkubwa zaidi huja pale umeme unaporudi. Taa huwaka kwa mwanga mkali usio wa kawaida, friji hunguruma mara moja na kunyamaza, harufu ya plastiki iliyoungua huenea chumbani, na chombo kilichonunuliwa kwa akiba ya miaka mitatu kimekwisha kufa kwa nukta moja. Asubuhi yake mwenye nyumba huwauliza jirani zake swali ambalo twataka kulitafakari leo pamoja na wasomaji wetu: hasara hii ni ya nani?

Kwa kawaida hujibiwa kwa neno moja, "Pole." Neno hilo ni jema, nasi hatulidharau, taifa ambalo watu wake hupeana pole halijapotea. Lakini pole haitengenezi friji, wala haijibu swali. Mtu aliyeuliza hasara ni ya nani hakuomba kuhurumiwa. Aliuliza habari ya haki.

Tungependa kulitazama jambo hili si kutoka Dar es Salaam, bali kutoka mahali kama Malambo, kata ya wafugaji katika wilaya ya Ngorongoro, kwenye nchi kame iliyo upande wa kaskazini ya ile kreta mashuhuri. Mjini friji ikifa, fundi yuko mtaa wa pili, spea ziko dukani, na nyama yaweza kuwekwa kwa jirani mpaka kesho. Mtu wa Malambo, ili ampate fundi wa kuaminika, hana budi kuwaza habari za Karatu au Arusha, na barabara ya vumbi, na nauli ya kukipeleka chombo na kukirudisha, ambayo ni hasara ya pili juu ya ile ya kwanza. Tena katika nchi ya namna hiyo friji si pambo la sebule. Ndiyo itunzayo chanjo ya ng'ombe na mbuzi. Ndiyo duka la mama auzaye barafu na soda siku ya mnada. Na katika zahanati ndiyo itunzayo chanjo za watoto, ambazo nyingi hutakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Zikipata joto kupita kiasi kwa muda mrefu nguvu yake hupungua, wala kwa kuitazama dawa yenyewe jicho haliwezi kuona tofauti. Dawa ni ile ile na rangi yake ni ile ile. Mtoto huchomwa sindano, mama hurudi nyumbani na amani, na kumbe hakuna kinga aliyoipata.

Yafaa kwanza tujue chombo hufaje, maana asiyejua sababu hawezi kuhukumu kwa haki. Umeme husafiri kuelekea vijijini katika nyaya ndefu zenye nguvu ya volti 33,000 au 11,000; ukifika, transfoma huupunguza hadi volti 230, ambayo ndiyo nguvu vyombo vya nyumbani vilivyotengenezewa. Njia ikiwa ndefu mno na watumiaji wakiwa wengi, nguvu hupungua njiani, na jioni, kila mtu awashapo taa na pasi na jiko, nyumba ya mwisho hupata volti chache kuliko inavyostahili. Balbu hufifia tu. Lakini mota ya friji, ikikosa nguvu ya kuzunguka, huvuta mkondo mwingi zaidi, hupata joto, na mwisho nyaya zake za ndani huungua. Hivi umeme mdogo huua kama umeme mkubwa. Kukatika na kurudi upesi nako kuna hatari yake. Gesi iliyomo ndani ya kompresa huhitaji dakika tatu au tano hivi kutulia baada ya kuzimika. Umeme ukirudi kabla ya hapo, mota huwa kama mtu asukumaye mlango uliofungwa kwa ndani. Ndiyo maana mafundi huwahimiza watu wanunue kile kifaa kiitwacho friji gadi, ambacho kazi yake ni kuuchelewesha umeme kwa makusudi.

Lakini balaa lililo kubwa kuliko hayo ni kukatika kwa waya wa nyutro. Nyaya tatu za moto zikibaki nzima na nyutro ikakatika, nyumba zilizozoea volti 230 hujikuta zimefungwa pamoja katikati ya volti 400. Nguvu hiyo haigawanyiki sawasawa. Nyumba itumiayo umeme mwingi hupata volti kidogo, na nyumba itumiayo umeme mchache ndiyo hupata kipigo. Yaani mwenye taa mbili na redio huungua kabla ya mwenye majiko na hita. Twaliandika jambo hili kwa uchungu kidogo, kwa kuona kwamba hata katika elimu ya umeme maskini ndiye hupigwa kwanza.

Basi nani amekosa? Wako wasemao kwamba hakuna aliyekosa. Ni ajali, ni bahati mbaya, ni mapenzi ya Mungu. Hapo yatupasa tusimame kidogo. Radi ikipiga nguzo, hilo ni la mbingu. Mtu akiiba mafuta ya transfoma, au akikata waya ili auuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu, hilo ni la mwizi, na tunasema wazi kwamba mwizi huyo amewaibia wagonjwa na wajane wa kijiji kuliko alivyoliibia shirika. Lakini nguzo iliyooza ikiachwa ingojee upepo. Tawi la mti likiachwa liguse waya mvua baada ya mvua. Transfoma iliyowekwa kwa ajili ya nyumba chache ikabebeshwa kijiji kizima. Umeme ukazimwa na kurudishwa mara tano kwa saa moja bila mtu yeyote kuambiwa: je, hayo nayo ni mapenzi ya Mungu? Tusimsingizie Mungu tawi ambalo mtu aliajiriwa kulikata.

Taifa letu lilikwisha kujifunza kuzitenga sababu hizo. Mwaka 2006, na tena mwaka 2011, mabwawa yalipungukiwa maji, na mgawo wa umeme ukaingia kila mji. Ukame si dhambi ya mtu. Hata hivyo katika ule wa 2006 maswali hayakuishia kwenye mawingu. Mkataba wa umeme wa dharura uliopewa kampuni ya Richmond ulichunguzwa na kamati teule ya Bunge, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Hatuyataji hayo ili kumhukumu mtu, bali kuonyesha kwamba wananchi walikwisha kukubali kuuliza ni sehemu gani ya giza ni ya mbingu na ni sehemu gani ni ya watu.

Leo swali hilo lina nguvu zaidi, maana udhuru wa mawingu umepungua. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lina mitambo 9 yenye jumla ya megawati 2,115, na wa kwanza uliingizwa katika gridi Februari 2024. Hata hivyo tarehe 1 Aprili 2024, Jumatatu ya Pasaka, hitilafu ya gridi iliiacha nchi gizani. Tena Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza kwa nini mikoa ya kaskazini iletewe umeme wa Ethiopia kwa njia ya Kenya: umeme uzalishwao huko kusini hupotea mwingi njiani kabla ya kuifikia mikoa hiyo. Kwa maneno mengine, maji yako kisimani, na mfereji ndio unaovuja. Mfereji hutunzwa na watu.

Ziko sheria za kale sana juu ya jambo hili. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, yasemwa habari ya mtu aliyechimba shimo asilifunike, na ng'ombe au punda wa mwenzake akatumbukia. Mwenye shimo hana budi kulipa. Sheria haimwulizi kama alimchukia mwenye ng'ombe, wala kama alikuwa na haraka siku ile, wala kama mashimo ni mengi na wafanyakazi ni wachache. Shimo ni lake, nalo lilikuwa wazi. Ubaya wa moyo hautafutwi hapo. Linalotafutwa ni nani alikuwa na uwezo wa kulifunika.

Msomaji aliyesoma elimu ya maadili aweza kutupinga. Atasema kwamba waalimu wa Kanisa hutofautisha kosa la dhamiri na kosa la sheria tu. Mtu aliyeharibu mali ya mwenzake bila kujua na bila kutaka hafungwi na dhamiri kulipa, mpaka hakimu amwamuru. Twakubali, na tofauti hiyo ni ya haki, kwani bila hiyo kila mwenye roho nyepesi angelala na deni asilolitenda. Lakini kutojua kuna mwisho wake. Nguzo ikianguka mara ya kwanza, hakuna aliyejua. Kijiji kikisharipoti waya unaotoa cheche, na wiki ikapita, na mwezi ukapita, neno "hatukujua" limekwisha kufutwa na ile ripoti. Kuanzia siku ile asiyetengeneza hawezi tena kujificha nyuma ya tofauti ile ya waalimu. Amekwisha kuijua hatari, na kuiacha ni uchaguzi.

Liko jambo jingine ambalo kwetu ni zito kuliko hayo yote, nalo hupita machoni pa watu kila siku bila kutazamwa. Mnunuzi wa umeme katika nchi yetu hulipa kwanza. Mfumo wa LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, umeifanya haki ya muuzaji isingoje hata saa moja: fedha ikiisha, taa inazimika, hakuna barua, hakuna kesi, hakuna pole. Tangu Agosti 2021 hata kodi ya majengo hukatwa kwa njia hiyo hiyo. Hatulaumu mfumo huo. Umeondoa madeni mengi na magomvi mengi, na kumpa mtu wa kipato kidogo uhuru wa kununua kadiri ya mfuko wake. Lakini tazama upande wa pili. Haki ya mnunuzi, friji yake inapoungua kwa umeme aliokwisha kuulipia, huanza safari ndefu ya barua, na fomu, na njoo kesho. Biashara ambayo haki ya mmoja hutimizwa kwa mashine na haki ya mwenzake hungoja huruma haiko sawa, hata kama kila aliyemo ndani yake ni mtu mwema. Mashine iliyojua kukata yaweza kufundishwa kurudisha. Uniti za fidia zaweza kuingizwa katika mita ile ile, kwa namba ile ile, bila mtu kusafiri. Huko Uingereza zimewekwa kanuni za malipo kwa mteja aliyekaa bila umeme kupita saa zilizopangwa. Na karibu nasi, Kenya katika sheria yake ya nishati ya mwaka 2019 iliandika wajibu wa kumfidia mtu ambaye vyombo vyake vimeharibiwa na umeme mbovu. Twajua kwamba kuandika si kutenda. Lakini lililoandikwa laweza kudaiwa.

Sasa twafika kwenye pingamizi ambalo si la mchezo. Shirika la umeme la Tanzania si tajiri wa nchi za mbali. TANESCO ni mali ya taifa. Likilipa friji, fedha hiyo haitoki mfukoni mwa meneja. Hutoka katika bei ya umeme, na bei hiyo hulipwa pia na mjane mwenye balbu moja. Je, ni haki yeye amlipie friji mtu mwenye duka?

Jibu tulilolipata linatoka huko huko Ngorongoro. Wamasai wa Ngorongoro na wa Salei wana desturi iitwayo ewoloto. Mtu akipoteza mifugo yake, watu wa ukoo wake humchangia, huyu mtamba, yule mbuzi, ili awe tena na kundi la kuanzia. Hakuna katika wachangiaji aliyeleta ukame ule. Huchangia kwa sababu hasara iliyo juu ya boma moja ni maangamizi, na hasara ile ile ikigawanywa kwa maboma mengi ni uchovu tu. Tena kila achangiaye ajua kwamba mvua ya mwaka kesho yaweza kumkataa yeye. Hiyo si sadaka, wala si malipo ya kosa. Ni namna ya watu waishio chini ya hatari moja kuibeba pamoja.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kila mteja wa umeme angechanga shilingi 100 kwa mwezi katika mfuko wa fidia. Wateja ni zaidi ya milioni 4. Basi hupatikana zaidi ya shilingi milioni 400 kila mwezi. Kwa friji ya shilingi 800,000 hizo zatosha friji 500 kila mwezi, na yule mjane ametoa bei ya pipi mbili. Naye siku nyutro ikikatika, kama tulivyoeleza, redio yake ndiyo itakayoungua kwanza. Wako watakaosema kwamba mfuko wa namna hiyo utalifanya shirika lizembee, kwa kuwa wateja ndio watakaolipa. Hatari hiyo ipo. Kwa hiyo twaona yafaa mfuko ubebe hasara za radi na za wezi, na zile ambazo hakuna aliyeweza kuziona. Lakini za tawi na nguzo iliyooza zitoke katika fungu la shirika lenyewe, zihesabiwe na kutangazwa kila mwaka, wilaya kwa wilaya. Aibu nayo hufundisha.

Wala tusiwasahau wenye nyumba. Ni lazima tuseme, ingawa halitapendeza, kwamba nyumba nyingi zimefungiwa nyaya na mafundi wasio na elimu wala ruhusa, hazina ethi, na soketi moja imebebeshwa friji, televisheni, pasi na chaja tatu za simu. Yule ajiungiaye umeme kwa wizi huilemea transfoma ambayo jirani zake wameilipia, na siku ikilipuka hulia pamoja nao. Wako pia, na twaogopa wataongezeka fidia ikija, watakaotoa stoo televisheni iliyokufa miaka miwili iliyopita na kuapa kwamba iliungua jana. Wanyang'anyi hao huwafungia mlango wenye haki. Mtu aonapo umeme unacheza na achomoe plagi, asingoje. Na baada ya kurudi asubiri kidogo kabla ya kuwasha. Wajibu huo ni mdogo, nao ni wa kweli.

Lakini tusiufanye uwe kisingizio. Kumwambia mtu mwenye kipato kidogo anunue stabilaiza, na friji gadi, na sola ya akiba, na jenereta, kisha kumwuzia umeme kana kwamba havihitaji vitu hivyo, ni kumlipisha mara mbili. Hoteli za watalii zaweza kuvinunua. Serikali iliweka gharama ya kuunganisha umeme vijijini kuwa shilingi 27,000 kwa kusudi jema, yaani mtu wa chini asibaki nyuma. Basi ingekuwa ajabu mlango uwe wa bei nafuu na sakafu iliyo ndani iwe imeoza.

Huambiwa pia kwamba Mkristo huvumilia. Ndiyo, huvumilia maumivu yake mwenyewe. Hatujaona popote kwamba amepewa ruhusa ya kuvumilia maumivu ya mtoto wa mwenzake aliyechomwa chanjo iliyoharibika. Kunyamaza kwa wanakijiji mia moja, kila mmoja akidhani atasema mwingine, si uvumilivu.

Njia ya kusema ipo. Malalamiko hupelekwa kwanza kwa mtoa huduma. Mteja asiporidhika huyapeleka EWURA, ile mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, na juu yake liko Baraza la Ushindani. Ugumu ni ushahidi. Mtu mmoja wa Malambo akidai kwamba friji yake iliungua usiku wa Alhamisi, ni neno lake dhidi ya neno la ofisi iliyo mbali. Twaona mzigo huo wa kuthibitisha umewekwa kwenye bega lisilostahili, kwa kuwa mwenye mitambo na mafundi ndiye awezaye kujua kilichotokea katika waya. Lakini mpaka sheria itakapouhamisha, kila ofisi ya mtendaji wa kijiji yaweza kuwa na daftari moja: tarehe, saa umeme ulipokatika, saa uliporudi, vyombo vilivyoungua na nyumba ngapi, saini ya mwenye chombo na ya fundi kama yupo, na jina la aliyepokea taarifa katika ofisi ya umeme. Nyumba kumi zilizoandikwa kwa saa moja ya usiku mmoja haziwezi kuambiwa kwamba kila moja iliharibu friji yake yenyewe. Na muuguzi wa zahanati aandike humo joto la friji ya chanjo kila asubuhi na kila jioni, hata siku ambazo umeme haukukatika.